Saniteri na Mti wa Anjela

Kabla hajafika uani, mikono yetu ilikuwa imeshaanza kujificha. Filimbi yake tuliisikia tangu akipanda kutoka mtoni, na hapo kila mtoto alikumbuka kilicho chini ya kucha zake. Wengine walikimbilia ndoo, wengine walisugua viganja kwenye majani ya migomba, na mimi, mkaidi tangu tumboni, nilibaki nimesimama na uchafu wangu nikimsubiri. Alikuja na kofia ya kaki, fimbo fupi na mfuko wa turubai wenye unga wa pareto wa kuulia wadudu. Alianza na choo, kisha jiko, kisha jalala, na mwisho mikono. Ya watoto wengine aliitazama kwa kupita tu. Yangu aliishika, akaigeuza, akaangalia kucha moja moja, kisha akaiachilia bila kusema neno. Niliamini kwamba ananichukia.

Sisi tulimwita Saniteri, na wazazi wetu walimwita Papa Saniteri, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa na Leta, yaani serikali ya Wabelgiji. Alizunguka vijiji vya mteremko wetu, pale milima ya Masisi inapoishia na msitu wa Walikale unapoanza, kuhakikisha kila boma lina choo chenye kifuniko na kwamba takataka zimefukiwa. Jina lake la ubatizo nililisikia kanisani mara chache. Mwenyewe hakulijali, naye akiitwa kwa jina hilo alichelewa kugeuka.

Adui yake alikuwa nzi, na sijapata kuona mtu anayemjua adui yake vizuri kiasi kile. Aliwatofautisha kwa mlio. Kulikuwa na wale wa kijivu wa jikoni, wale wanene wa kijani wanaong'aa kama shanga, na wale wadogo wa ndizi zilizoiva sana. Akikaa mlangoni kwako na kuomba maji ya kunywa, ujue haombi maji. Anamfuata nzi kwa macho, kutoka kwenye ukingo wa kikombe mpaka huko alikotoka, na huko ndiko atakakokwenda na fimbo yake. Mama yangu alisema kwamba Papa Saniteri angepewa tembo wa kuwinda angekuwa tajiri, ila Mungu alimpa nzi.

Somo lake lilikuwa moja, na alilirudia katika kila boma kana kwamba analisema kwa mara ya kwanza: “Nzi iko na miguu sita, na yote imetoka mu choo.” Wanawake waliokuwa wakifua mtoni walimwiga sauti, wakashika vijiti badala ya fimbo, wakacheka mpaka nguo zikachukuliwa na maji. Yeye alijua kwamba wanamwiga. Siku moja aliwakuta katikati ya mchezo huo, akasimama kimya nyuma ya mianzi, kisha akatokea na kumsahihisha yule aliyekuwa akiiga. Alimwambia kwamba fimbo huwa inashikwa mkono wa kushoto.

Chakula cha watu alikila kwa mashaka. Kwenye arusi alikaa pembeni, akafunika sahani kwa ile kofia yake, akawa anaifunua kidogo, anachota tonge, anaifunika tena. Mzee mmoja wa kwetu alimuuliza kama anaogopa maharagwe yatatoroka. Watu walicheka, na Saniteri akacheka nao, lakini kofia hakuiondoa. Kwake nyumbani kulikuwa safi kiasi cha kukutisha. Uani hakukuwa na jani lililoanguka, vyombo vilianikwa juu ya chanja huku vimeinamishwa, na mbwa wake, ambaye sijui alimfundishaje, alikuwa anakwenda kujisaidia kwenye migomba ya mbali.

Mtu akisikia hivi atadhani alikuwa mkali asiye na moyo. Ukali alikuwa nao. Aliyekutwa na choo kibovu aliamriwa kuchimba kingine siku ileile, na hapakuwa na kubembeleza. Lakini jua likianza kupungua ungemwona anakuja tena, safari hii bila kofia, amebeba jembe lake mwenyewe begani. Alishuka shimoni pamoja na wewe, akachimba mpaka kazi ikaisha, akaenda zake bila kungoja shukrani. Kulikuwa na mjane mmoja ambaye hakuwa na nguvu wala mtoto wa kumchimbia. Daktari wa kizungu alipokuja kukagua, Saniteri, huyo huyo asiyesamehe kifuniko kilichopasuka, alimwapia kwamba choo cha mama yule kiko nyuma ya vilima na njia yake ina siafu. Daktari aliiangalia njia, akaamua kumwamini. Kesho yake Saniteri alikwenda kukichimba.

Jambo jingine lazima niliseme mapema, kwa sababu watu wa kwetu wanapomsimulia hulisahau. Watoto waliacha kufa kwa wingi. Kabla yake, kila mvua ilipoanza, kuhara damu kulipita kwenye maboma na kuchukua wadogo, na mafundi wa mbao walijua vipimo vya majeneza madogo bila kuuliza. Baada yake, mvua zilianza na kuisha, na watoto wakabaki wakicheza kwenye matope. Kwa hiyo wanawake walimcheka mtoni, lakini hakuna aliyethubutu kumkatalia jambo.

Kazi ile aliiomba mwenyewe, baada ya Anjela kufa. Anjela alikuwa binti yake, mtoto pekee ambaye yeye na mke wake waliwahi kumpata. Mimi na yeye tulizaliwa mvua moja, maboma yetu yakiwa yametenganishwa na ua wa mianzi tu, na mama zetu waliota moto mmoja wakati wa uzazi. Tulipokuwa tumeanza kusema vizuri, kuhara kulitushika sote wawili. Mimi nilipona. Anjela alibebwa na baba yake mpaka kwenye zahanati, na mwuguzi wa huko alimweleza kwamba ugonjwa ule huletwa na nzi. Neno hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani badala ya mtoto.

Sasa nieleze habari ya miti, maana bila hiyo mtu huyu hataeleweka. Kwenye mteremko wetu, mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa upande wa chini wa boma na juu yake hupandwa mkola, mti wa kola, zile mbegu chungu za kutafuna. Mti na mtoto hukua pamoja. Mti unapozaa kwa mara ya kwanza, majirani huitwa, mama huchuma ganda la kwanza, hulipasua na kumgawia kila mtu kipande cha kola. Kabla ya kugawa, huimba. Baba ndiye anayeanza, na maneno yake ni yale yale kwa baba wote: anauliza ni nani huyu anayesimama katika boma lake. Mama humjibu. Jibu hilo kila mama hulitunga mwenyewe kwa ajili ya mtoto wake, miaka yote ya kuungoja mti, na hakuna anayelisikia mpaka siku ile, hata mume wake. Baada ya hapo mtoto anahesabiwa kuwa amesimama. Katekista wetu hakuona ubaya wowote, na yeye mwenyewe alikula kola za watu wengi.

Na kama mtoto amekufa kabla ya mti kuzaa, mama hungoja vilevile. Huvaa kamba ya mgomba mkononi, na mahali panapoimbwa hafungui mdomo. Siku anapopasua ganda la kwanza ndipo anapomwimbia mtoto yale aliyomtungia, kamba inakatwa, na msiba unakwisha. Mama Anjela alikuwa anavaa kamba hiyo. Ikichakaa alisokota nyingine.

Mimi sikuwahi kusikia sauti yake ikiimba. Mama yangu aliisikia zamani na alisema kwamba Mama Anjela akiimba shambani, watu wa kilima cha pili walisimamisha majembe. Kanisani alikaa mstari mmoja na sisi, mrefu, mweusi, mwenye shingo nzuri, midomo imefungwa, na mkono wenye kamba umewekwa juu ya goti. Wimbo ukimkolea aliutikisa mguu kidogo. Nilikuwa ninautazama mguu ule zaidi kuliko nilivyomtazama padri.

Mikola nayo ilikuwa na desturi yake. Inapotoa maua, hulishwa. Matumbo ya samaki, utumbo wa mbuzi, mabaki ya nyama ya msituni, vyote vilitiwa kwenye kikapu kibovu na kutundikwa kwenye tawi la chini, viozee huko. Mabibi walisema mti una kazi kubwa na lazima ule. Maua yenyewe hayana harufu ya kupelekewa mchumba. Ni meupe, yana wekundu mzito ndani, na ukiyanusa utadhani kuna nyama iliyosahauliwa chunguni. Basi, kati ya harufu ya maua na harufu ya vikapu, majira ya maua boma zima lilikuwa linavuma kwa nzi.

Saniteri alipoanza kazi, hilo ndilo alilolikomesha kwanza. Vikapu vilichomwa. Matumbo ya samaki yalifukiwa. Na kwa sababu aliona nzi wanaendelea kuifuata mikola hata baada ya vikapu kwisha, alipita majira yote ya maua na ule mfuko wake wa pareto, unga uliotoka kwenye mashamba ya wazungu huko milimani, akaunyunyiza kwenye mashina, kwenye matawi, juu ya maua yenyewe. Asubuhi nzi walikuwa wamelala chini, migongo chini na miguu juu. Aliwafagia, akawachoma.

Mwaka vita ya wazungu ilipokwisha, mti wa Anjela ulitoa maua kwa mara ya kwanza, na wangu pia, kwani tulikuwa pacha kwa mambo hayo. Mama Anjela alianza kukonda kwa hamu. Kila asubuhi alifagia maua yaliyoanguka, kisha akainua uso na kutafuta ganda. Alitafuta tawi kwa tawi. Maua yaliisha yote na ganda halikuonekana hata moja. Mvua iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine pia. Hata miti ya zamani, iliyowalisha mabibi zetu kola maisha yao yote, ilikuwa imeacha kuzaa.

Maneno yakawa mengi. Katekista alisema udongo umechoka. Wengine walisema barabara mpya imekata mizizi ya nchi, na wengine walitaja majina ya wachawi kwa sauti ya chini. Nzi hakuna aliyewataja. Hata mabibi, waliokuwa wametundika vikapu tangu usichana wao, walidhani wanaulisha mti. Hawakujua kwamba wanawaita wageni wake.

Saniteri aliupenda mti ule, na hapo ndipo ninapoumia zaidi nikimkumbuka. Kiangazi aliupelekea maji kutoka mtoni, safari baada ya safari. Aliuwekea majivu, akaupalilia kwa vidole ili jembe lisiguse mizizi, akauondolea wadudu wa shina kwa kisu. Wakati wa maua alikuja na mfuko wake, akaupulizia pareto kwa uangalifu mwingi kuliko miti ya wengine yote, tawi kwa tawi, mpaka juu kwa kutumia ngazi. Hakutaka nzi hata mmoja amguse Anjela.

Siku niliyowasikia Saniteri na mke wake wakisemezana, tulikuwa uani kwetu tunapukuchua maharagwe, mama yangu, Mama Anjela na mimi. Saniteri alikuja kukagua. Alipomaliza, mke wake hakuinuka. Aliendelea kupukuchua, akamwambia kwa utaratibu kabisa, kama mtu aliyeyapanga maneno yake usiku kucha.

“Papa Anjela, dada zetu ya ngambo ya muto bado banalisha miti yabo, na iko nazaa. Acha tulishe hii moja. Mvua moja tu.”

Ng'ambo ya mto ilikuwa tayari Walikale, na mzunguko wa Saniteri uliishia majini. Huko vikapu vilikuwa vinaning'inia kama zamani. Saniteri alisimama na fimbo yake mkono wa kushoto. Mama yangu akaanza kukohoa bila kikohozi.

“Nzi njo iliua mutoto,” alisema. “Sasa niite nzi ikuje kula ku muti yake?”

Mama Anjela aliinua mkono wenye kamba, akaondoa ganda la haragwe lililoshika kwenye nyuzi zake. “Mutoto sijamusahau. Lakini maneno yake iko mu kinywa yangu, na mimi niko nazeeka nayo.”

Saniteri aliinua mfuko wake. Aliondoka, na jioni ile, bila mtu kumwambia, alikwenda kuuwekea mti majivu. Mama yangu alitaka kumlaumu akashindwa, na mimi pia nilishindwa, na hata leo nikijaribu ninashindwa. Nani angemwambia baba yule awaruhusu nzi?

Niliwahi kumwona akijua. Ninasema hivi kwa sababu sina njia nyingine ya kulisema. Mtu alikufa ng'ambo ya mto, shemeji wa shangazi yangu, na tulikwenda msibani watu wengi, yeye na mke wake wakiwa miongoni mwetu. Ulikuwa wakati wa maua. Nyuma ya nyumba ya shangazi kulikuwa na mkola mkubwa, kikapu cha matumbo kimetundikwa chini yake, na harufu yake sitaisimulia. Watu wote waliukalia mbali. Saniteri alinyanyuka kama mtu anayekwenda kukagua, na shangazi yangu, ambaye hakuwa na adabu hata msibani, akamwita.

“Papa Saniteri, huku haiko kwako. Filimbi yako bakia nayo ngambo ile.”

Hakucheka. Alisimama uso karibu na tawi, na nikamwona anafanya lile alilolifanya milangoni kwetu siku zote: anamfuata nzi kwa macho. Kutoka kwenye kikapu mpaka kwenye ua. Kutoka kwenye ua hilo, na vumbi la ua miguuni, mpaka kwenye lingine. Kutoka lingine mpaka tawi la juu, ambako maganda machanga ya kijani yalikuwa yameshaanza kufungana. Alikaa hapo muda mrefu mno. Aliporudi kuketi, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa habari ya kifo cha pili, na wenyeji walimpa pole kwa kudhani analia marehemu wao. Mama Anjela alimwangalia, akamsogezea maji. Sidhani kama Saniteri alimwambia alichokiona.

Nilitegemea kwamba mvua iliyofuata tungeona kikapu. Sikukiona. Mvua ile kuhara kulizuka kwenye kijiji cha juu yetu, watoto wakafa huko, na Saniteri akawa hana usingizi, anazunguka na mfuko wake alfajiri hadi giza. Miti yote ilipata unga. Mti wa Anjela nao ukapata. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchumbiwa na nilikuwa na mambo yangu, lakini nakumbuka nilimwona amesimama juu ya ngazi, mkono ndani ya mfuko, na mkono hautoki. Kisha ukatoka.

Kiangazi kilichofuata Mama Anjela alishikwa na kifua. Alilala siku chache. Tulimzika akiwa na kamba yake mkononi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye haki ya kuikata. Makaburini watu waliimba, na nilijikuta natazama chini, kuutafuta mguu wake.

Niliolewa Nyamitaba, kwa wafugaji, ambako kuna ng'ombe wengi na nzi wengi zaidi. Nikazaa, nikapika, nikafunika vyakula kwa sahani, nikawasumbua watoto wangu kwa habari za miguu sita mpaka mume wangu akaniita Saniteri. Nyumbani kwetu nilirudi kwa nadra. Mara ya mwisho niliyomkuta hai ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakati watu walipokuwa wameanza kunong'ona kwamba wazungu wataondoka. Mama yangu alinipokea, na kabla sijatua mzigo akanieleza kwamba Papa Saniteri amerukwa na akili. Leta ilikuwa imempumzisha kazi, na sasa anashinda mtoni anaokota matumbo ya samaki.

Nilipita penye ua wa mianzi. Uani kwake kulikuwa kunang'aa kama zamani, vyombo vimeinamishwa, choo kina kifuniko. Lakini chini kabisa, mbali na jiko, mti wa Anjela ulikuwa na kikapu. Nzi walikuwa wanavuma. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu nao, mzee mkavu, kofia ya kaki juu ya goti. Nzi mmoja wa kijani alikuwa anatembea juu ya mkono wake, kwenye mishipa, bila haraka yoyote.

“Papa,” nilimwambia, “iko nzi ku mukono yako.”

“Acha,” alisema. “Iko na kazi.”

Nilikaa chini kwenye majani. Alinieleza mambo yake ya siku hizi kwa ile namna yake ya kukagua: kikapu hukaa mbali na jiko, hutundikwa wakati wa maua tu, maganda yakishafungana kikapu hufukiwa, na mikono huoshwa kwa sabuni na majivu. Alikuwa ameshawafundisha hivyo watu wa mteremko, na wengine walikuwa wamemsikiliza. Aliniambia wangeweza kufanya hivyo tangu zamani na watoto wasife. Kisha akatazama juu.

Nami nikatazama juu. Mti ulikuwa na maua mapya, na kati ya majani kulikuwa na maganda ya maua yaliyopita, makubwa, ya kijani, yamekaa kama mikono iliyokunjwa.

“Nilijua,” alisema. “Ile mvua ya mwisho ya Mama Anjela, nilikuwa nimeshajua. Nilisema mvua ingine nitamuachia, hii batoto biko nakufa. Yeye hakungoja ingine.”

Nilitaka kumwambia kwamba hakuwa na kosa, lakini angejua kwamba namfunika kama sahani. Nzi wakaendelea kuvuma.

Alisema ganda la kwanza lilikuwa limeiva tangu mwezi uliopita na hakutaka kulichuma. Kupasua ni kazi ya mama. Yeye ni mwanaume, na dada wa mke wake wote wamekufa. “Weye na yeye mulizaliwa mvua moja,” aliniambia. “Muntu mwingine siwezi kuita.”

Akalichuma kwa kijiti chenye ndoana, akalipangusa kwa kofia. Nilinyoosha mkono kulipokea. Hakunipa mara moja. Aliushika mkono wangu kama alivyokuwa akiushika nikiwa mtoto, akaugeuza, akaangalia kucha moja moja, polepole.

“Haikuwa uchafu nilikuwa natafuta,” alisema. “Nilitaka kuona namna mikono yake ingekuwa.”

Nililia hapo bila kujificha. Miaka yote ile nilikuwa namchukia kwa sababu nilidhani ananichukia, kumbe alikuwa anampima binti yake kwenye vidole vyangu, mwaka hata mwaka. Alingoja nimalize. Kisha akaiachilia mikono yangu, akasema, “Iko safi,” na akaniwekea ganda juu yake.

Nililipasua kwa kisu chake. Ndani kola zilikuwa zimepangana, nyekundu na nyeupe, zina unyevu. Nikamtazama ili nigawe, na yeye akatikisa kichwa, akanikumbusha kwa mkono kwamba kwanza huimbwa. Akaiweka kofia ile chini, akasimama wima.

Alikuwa na sauti mbovu, na sikuwahi kujua. Akaanza yale maneno ya baba, taratibu, akiutazama mti.

“Nani huyu anasimama mu lupango yangu? Nani huyu anasimama mu lupango yangu?”

Akafika mahali ambapo mama hujibu. Akanyamaza, akainamisha kichwa upande, akaacha nafasi yake yote bila kuipunguza, kama mume aliyezoea kumngoja mke wake amalize jambo. Mimi nilikuwa nimeshika ganda lililopasuliwa, mdomo wazi, na sikuwa na neno hata moja la kuweka pale. Yale ya Anjela hakuna aliyewahi kuyasikia.